Mkono wa fundi nao huchakaa

Fundi akianguka kutoka jukwaani, mjengo mzima husimama. Lakini yule ambaye mkono wake unakufa ganzi kila usiku, asubuhi hushika mwiko kama kawaida, na hakuna anayeliandika jina lake popote. Maumivu haya yana sababu, na mengi yanazuilika.

Tazama siku ya kumwaga slabu. Karai la zege hupita mkono kwa mkono tangu asubuhi, na kila kijana hupinda kiuno upande ule ule mamia ya mara. Anayefunga nondo huzungusha koleo kwa kifundo kimoja kutwa. Anayepiga plasta ya dari hufanya kazi mikono ikiwa juu ya kichwa.

Misuli hushikana na mifupa kwa kano. Kano zikivutwa vile vile bila kupumzika, huvimba. Kwenye kifundo cha mkono, kano hupita katika njia nyembamba pamoja na mshipa wa fahamu. Zikivimba, mshipa hubanwa, ndipo kidole gumba, cha shahada na cha kati hufa ganzi, hasa usiku. Wengi husema ni baridi, wakakandwa, wakameza dawa ya maumivu na kurudi kazini. Dawa hutuliza, ila kinacholeta maumivu bado kipo.

Kinga ya kwanza ni zamu. Wa karai akapumzike kwa kumwagia kuta maji, wa dari ashuke apige plasta ya chini. Pumzikeni dakika chache kila baada ya muda, msingoje mchana. Jukwaa lipandishwe ili kazi isipite mabega. Nondo zikunjwe juu ya benchi, si chini. Mfuko wa simiti ni kilo 50: ubebwe na wawili au kwa toroli. Anayeweka vigae apige magoti juu ya kipande cha godoro.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ailinganishe kazi na uwezo wa mfanyakazi, na inamkataza kumbebesha mzigo ambao uzito wake unaweza kumwumiza. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo inatambua pia magonjwa yatokanayo na kazi, si ajali pekee. Kwa hivyo ganzi isipoisha, mwambie msimamizi mapema, nenda hospitali, mweleze daktari kazi unayofanya, na uhifadhi karatasi zake.

Najua kibarua wa kutwa huogopa: akilalamika leo, kesho getini kuna mwingine. Ndiyo maana jukumu hili ni la kontrakta na mwenye nyumba kwanza. Kupanga zamu hakugharimu hata shilingi. Dini imetufunza kumlipa kibarua kabla jasho lake kukauka. Tumlipe, na tuhakikishe anarudi nyumbani na mkono mzima wa kupokea ujira huo.