Samaki wa Ziwa la Juu

Mto Ruzizi hutoka katika Ziwa Kivu na kuteremka mpaka Ziwa Tanganyika. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Tanganyika liko mita 770 hivi. Je, samaki wa ziwa la chini aweza kuogelea vema katika ziwa la juu?

Maji humbeba samaki sawasawa huku na huku. Mkia na mapezi hufanya kazi ile ile. Kinachobadilika ni pumzi.

Samaki huingiza maji kinywani na kuyapitisha katika matamvua, yaani zile nyuzi nyekundu zilizofichwa nyuma ya kichwa. Hapo hutwaa oksijeni iliyo ndani ya maji. Oksijeni hiyo nyingi hutoka hewani: hewa huyakandamiza maji, nayo oksijeni huingia. Lakini mahali pa juu hewa ni nyepesi, haikandamizi sana. Kwa hiyo oksijeni inayoingia hupungua.

Samaki anayekwenda polepole haoni taabu. Lakini akimkimbia adui, au akishindana na mkondo wa maji, mwili wake wataka oksijeni nyingi. Isipotosha, huchoka upesi, kama mtu apandaye mlima mrefu kwa haraka.

Lakini baridi humsaidia. Maji baridi hushika oksijeni nyingi kuliko maji yenye joto. Kule Amerika ya Kusini, Ziwa Titicaca liko mita 3,800 hivi juu ya bahari. Nguvu ya hewa huko haifiki theluthi mbili ya ile ya pwani. Hata hivyo samaki wanaishi humo, maana maji yake ni baridi.

Karibu na mwaka 1959, samaki wadogo wa Tanganyika walichukuliwa wakatiwa katika Ziwa Kivu. Je, walikufa? Hapana, walizaana sana. Ndio sambaza. Wavuvi huwavua usiku kwa taa, na watu wengi hupata chakula na fedha. Lakini sambaza hukaa katika maji ya juu tu. Vilindini mwa Kivu hamna oksijeni, kwa sababu maji ya chini hayachanganyiki na ya juu. Samaki huogelea pale anapoweza kupumua.

Maulizo
1. Samaki hutwaa oksijeni kwa nini?
2. Kwa sababu gani samaki wa ziwa la juu huchoka upesi?
3. Baridi humsaidiaje?