Chumvi katika Jasho la Mkimbiaji

Wengi hudhani ya kuwa mkimbiaji wa masafa marefu hana adui ila kiu, wakamhimiza anywe maji kila kituo, ilhali jasho limtokalo, kama ajuavyo kila aliyelionja likimchuruzikia midomoni, si maji matupu, bali limechukua chumvi, na hasa sodiamu, ambayo ikipungua mno katika damu, maji huzidi kuingia ndani ya seli, na ubongo, uliofungiwa fuvuni, huvimba pasipo nafasi. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, wataalamu waliwapima damu wakimbiaji 488 mwisho wa safari, wakaona ya kuwa asilimia 13 sodiamu yao imeshuka chini ya kadiri ya afya, na watatu wamefikia hali ya hatari kubwa. Na dalili iliyo dhahiri kuliko zote ilikuwa kuongezeka uzito njiani, yaani kunywa kupita kiasi cha kilichotoka. Vinywaji vya wanariadha navyo, pamoja na sifa zake zote, aghalabu huwa na sodiamu haba kuliko jasho lenyewe. Basi mkimbiaji na anywe aonapo kiu, na ajipime mizanini kabla na baada ya mbio; akijikuta amezidi uzito, siku nyingine apunguze maji.