Gitare ya kwaya: kamba zikiwa juu mno



Katika kwaya zetu hapa Ndosho, mara nyingi kijana anayejifunza gitare huacha baada ya majuma machache. Vidole vinamwuma, sauti haitoki wazi, na mwalimu anasema: «Huyu ni mvivu.» Sisi nasi tulisema hivyo juu ya kijana mmoja. Siku moja tukaishika gitare yake sisi wenyewe, tukashindwa kubana kamba mpaka mwisho wa wimbo mmoja. Kosa lilikuwa la gitare. Tulikwenda kumwomba radhi, lakini yeye alikuwa amekwisha acha kwaya.

Gitare ile ilikuwa na historia yake. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na siku chache baadaye watu wengi wa Goma wakakimbilia Sake, kwa njia inayopita hapa Ndosho. Gitare ikabebwa bila mfuko, juani na mvuani. Iliporudi, shingo yake ilikuwa imejikunja, na hakuna aliyeitazama.

Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1963, ulikubali katika ibada vyombo vingine pamoja na ogani, kwa idhini ya wakubwa wa Kanisa, kama vinafaa au vinaweza kufanywa vifae. Basi tuone namna ya kuifanya gitare ifae. Kamba iliyo juu mno haiumizi vidole tu. Ukiibana mpaka chini inavutika zaidi, sauti yake inapanda, na waimbaji wanapotea pamoja nayo.

1. Kupima

Kwanza tuweke kamba zote katika sauti zake, maana mvuto wa kamba ndio unaokunja shingo. Kisha tuhesabu vile vyuma vidogo vya shingo, tukianzia kichwani, mpaka cha 12. Tupime kwa rula nafasi iliyo kati ya chuma hicho na kamba. Kwa gitare ya kamba za chuma, kamba nene iwe juu karibu milimetre 2,5, na nyembamba karibu 2. Kwa kamba za nailoni, karibu 4 na 3. Zikizidi sana, kuna kazi ya kufanya.

2. Shingo

Tubane kamba nene kwenye chuma cha kwanza, na tena pale shingo inapoungana na mwili. Tutazame katikati, karibu na chuma cha 7. Kwa kamba za chuma, karatasi mbili au tatu za daftari zipite hapo, si zaidi. Nafasi ikiwa kubwa, shingo imejikunja. Magitare mengi ya kamba za chuma yana fimbo ya chuma ndani ya shingo. Tuizungushe kwa ufunguo wake kama mishale ya saa inavyokwenda, robo ya mzunguko tu, kisha turudishe sauti na kupima tena. Ikikataa, tusiilazimishe. Gitare ya nailoni kwa kawaida haina fimbo hiyo; tuipeleke kwa fundi.

3. Kichwa

Tubane kamba kwenye chuma cha 3. Juu ya chuma cha kwanza ibaki nafasi ndogo kama unywele. Ikiwa kubwa, mikato ya ule mfupa wa kichwani haina kina cha kutosha. Kazi hiyo ni ya tupa nyembamba na mkono wa fundi.

4. Daraja

Mwishowe tuje kwenye kipande cha mfupa au plastiki kinachobeba kamba juu ya daraja. Chuma cha 12 kiko katikati ya urefu wa kamba. Kwa hiyo, kusudi kamba ishuke milimetre 1 pale, sharti tupunguze 2 kwenye kipande hiki. Tukitoe, tutie alama ya kalamu upande wa chini, tukisugue juu ya karatasi ya msasa iliyolazwa kwenye kioo. Tusugue kidogo, tujaribu, turudie. Tukikosea, tutie chini yake kibanzi cha mti mgumu, ama tuchonge kingine kwa mfupa wa ngombe uliochemshwa na kukaushwa.

5. Mambo ya kuangalia

Daraja likianza kubanduka, tusisugue kitu: dawa yake ni gundi na fundi. Mara nyingi sababu ni kamba za chuma zilizotiwa katika gitare ya nailoni. Kamba sita za nailoni huvuta karibu kilo 40. Za chuma, hata zile nyepesi, karibu kilo 70.

Tena mti hunywa maji ya hewa. Wakati wa mvua ubao wa mbele unavimba na kamba zinapanda. Kiangazi, tangu mwezi wa sita, zinashuka. Anayesugua sana wakati wa mvua atasikia kamba zikigonga vyuma mwezi wa saba.

Katekista asiye na fundi karibu anaweza walau kupima: rula na karatasi zatosha. Afanye hivyo kabla ya kumhukumu mwanafunzi.

Gitare yetu sasa inalia vizuri mikononi mwa msichana mmoja. Kijana yule hajarudi, tungali tunamngojea.