Kioda na Mama Mkristo

"Sista, kucheza kioda ni dhambi?"

Mama mmoja aliniuliza hivyo siku ya kliniki ya watoto, katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Nyasa. Mtoto wake alikuwa kwenye mzani, naye alinong'ona ili wenzake wasisikie. Kikundi chao cha ngoma kilikuwa kimealikwa Songea kwenye kumbukumbu ya Mashujaa wa Majimaji. Mumewe, ambaye ni mzee wa kanisa, alikuwa amekataa katakata. Mama mkwe naye alisema mke wa mzee wa kanisa haonekani uwanjani akicheza ngoma.

Niwaeleze kidogo akina mama mlio mbali. Huku kwetu mkoani Ruvuma kuna Mbinga ya juu milimani, kwa Wamatengo, penye baridi, kahawa na mashamba ya ngoro. Ukiteremka unafika ziwani, penye joto, dagaa na muhogo: Mbamba Bay, Liuli, Lituhi. Zamani yote ilikuwa wilaya moja, hadi mwaka 2012 ilipozaliwa Wilaya ya Nyasa. Ngoma kubwa za ziwani ni mbili. Wanaume wanacheza mganda, na wanawake wanacheza kioda.

Mganda ulitokana na vita na askari. Hapo Liuli, tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, na watu wa ziwani wakajua kuwa Vita Kuu imewafikia mlangoni. Baada ya vita vijana walichukua gwaride, sare na vyeo vya wazungu wakavitia ndani ya ngoma yao. Mtaalamu mmoja wa historia, Terence Ranger, aliandika habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni na ndugu zake. Mimi mwenyewe niliwahi kuona kikundi ambacho mama mmoja alikuwa na cheo cha Nesi, kazi yake kuwafuta wachezaji jasho. Nilicheka sana, maana hakuwa amevaa kofia ya unesi tu bali alikuwa na ukali wa unesi pia!

Kioda ni ya akina mama. Wanavaa sare, wanajipanga mistari, hatua zao ni ndogo na za polepole, na filimbi ikilia wote wanageuka pamoja. Hakuna kukata viuno. Utamu wake umo katika nyimbo. Mama anatunga wimbo juu ya mambo yaliyompata: mume aliyekwenda kwenye machimbo ya Afrika Kusini au mashamba ya mkonge Tanga asirudi, wifi mchonganishi, mtoto aliyefariki. Mambo ambayo huwezi kumwambia baba mkwe uso kwa uso unayaimba, na kijiji kizima kinasikia.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtunzi. Kwa ajili ya kioda alizuiwa kushiriki Meza ya Bwana kwa miezi mitatu. Alikuwa akikaa benchi la nyuma na watoto wachanga, akitazama wenzake wakienda mbele. Hakuacha kanisa, lakini aliacha kutunga. Alipofariki nilimwuliza mama yangu nyimbo zake, naye alikumbuka moja tu, tena nusu. Ndiyo maana swali la yule mama pale kwenye mzani lilinichoma.

Siku hizi makanisa mengi yamebadilika. Kwa ndugu zetu Wakatoliki, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliomalizika mwaka 1965, ngoma iliingia mpaka ndani ya misa. Lakini hofu imebaki majumbani, na nisiseme kuwa haina sababu. Niliyoyaona zahanati nayajua: msichana anakwenda kutazama ngoma ya usiku, na baada ya miezi kadhaa mama yake analeta kadi ya kliniki akilia. Hapo lakini kosa si la ngoma. Ni la usiku, pombe na watu wazima waliowaacha watoto peke yao.

Basi nilimwomba yule mama ruhusa, nikaenda kuzungumza na mumewe pamoja na mama mwingine wa kanisani. Tulimsalimu, tukanywa chai, tukazungumza kwanza habari za dagaa. Kisha nikamwuliza, "Baba, umewahi kusikiliza maneno ya wimbo anaoutunga mama watoto?" Hakuwa amesikiliza. Ulikuwa wimbo wa kuwahimiza wajawazito wajifungulie zahanati, maana dada yake alifia njiani kwenye mtumbwi. Mzee alinyamaza kitambo. Akasema mazoezi yawe mchana, na fedha za kikundi zishikwe na watu watatu. Nilimwona ana akili kuliko sisi wawili.

Jambo linalonihuzunisha zaidi ni jingine. Katika tamasha moja nililohudhuria kama mtoa huduma ya kwanza, kikundi cha akina mama kilisafiri siku nzima, kikapewa dakika kumi jukwaani. Wimbo wa kioda haujaanza hata kunoga kwa dakika kumi! Ukakatwa katikati, msichana mtunzi akabaki mdomo wazi. Watazamaji waliona hatua wakapiga makofi, maneno hawakuyasikia. Waandaaji nawaomba wapunguze hotuba. Nasi akina mama tusidhani kuwa tamasha litatulindia nyimbo zetu. Mkae na binti zenu jikoni muwafundishe wimbo mzima, beti zote, na anayejua kuandika aandike kwenye daftari.

Nafasi za kwenda kutazama zipo. Kumbukumbu ya Majimaji hufanyika Songea kila Februari, na kilele chake ni tarehe 27, siku ambayo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wetu. Songea hiyohiyo ilipokea Tamasha la Utamaduni la Kitaifa mwezi Septemba 2024 katika Uwanja wa Majimaji. Mwenge wa Uhuru ukipita wilayani, vikundi huitwa kuupokea. Na kwa mwenye nauli ya mbali, Bagamoyo kuna tamasha la chuo cha sanaa lililoanza miaka ya 1980.

Ninyi wa Mbinga ya juu mnaoteremka ziwani na watoto, msisahau neti. Mtoto wa milimani hajazoea malaria kama mtoto wa Mbamba Bay, hivyo akipata homa wakati wa safari au wiki chache baada ya kurudi, mpelekeni kupimwa siku hiyohiyo, msingoje kesho. Mjamzito naye alale ndani ya neti hata akiwa ugenini. Maji ya kunywa yachemsheni, na watoto wasichezee maji ya vichakani kando ya ziwa, kuna kichocho.

Yule mama alikwenda Songea. Mume alimsindikiza kituoni akiwa amebeba mtoto. Sasa kikundi kinafanya mazoezi kila Jumamosi saa tisa alasiri chini ya mwembe nyuma ya zahanati, na kabla ya magharibi kila mtu yuko kwake. Binti yake wa darasa la tano ndiye anayeshika daftari la nyimbo.