Silikanti ni Samaki? Jinsi na Naui katika Viumbe wa Kina cha Bahari

Baada ya darsa ya fiqhi, tukiwa katika mlango wa vyakula, kijana mmoja ambaye baba yake ni mvuvi wa jarife aliuliza swali. Alisema: "Sheikh, amesomwa kwetu shuleni kwamba silikanti, yule samaki mkubwa anayenaswa Tanga, yuko karibu na wanyama wa miguu minne kuliko alivyo karibu na jodari. Sasa je, huyo ni samaki? Na kama si samaki, hukumu yake ni ipi?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hili lina milango miwili. Wa kwanza ni nani mwenye haki ya kumwita kiumbe "samaki", na kwa ushahidi gani. Wa pili ni kama hukumu ya sharia hufuata jina hilo. Nilimwomba muhula wa wiki moja, na haya ndiyo niliyomletea.

Waliosoma Isaghuji katika elimu ya mantiki wanakumbuka jinsi, naui na fasli. Mnyama ni jinsi, binadamu ni naui, na kunena ndiyo fasli inayomtenga na wanyama wengine. Utaratibu huo ulitoka kwa Wayunani, ukapita kwa wanachuoni wetu, na ukafika pia Ulaya. Carl Linnaeus wa Sweden aliujengea juu yake majina ya wanyama, na chapa ya kumi ya kitabu chake, ya mwaka 1758, ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa majina yote ya kitaalamu ya wanyama. Kila kiumbe hupewa jina la maneno mawili: la kwanza ni la jinsi yake, la pili ni la naui yake. Kabla ya hapo Imam ad-Damiri, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 808 Hijria (1405), alikwisha kukusanya wanyama katika kitabu kikubwa. Yeye aliwapanga kwa herufi, akataja hukumu ya kula kila mmoja. Huo ni upangaji wa mtu anayetafuta hukumu, wala si wa mtu anayetafuta nasaba, na tofauti hiyo tutairudia.

Naui mpya haithibiti kwa mtu kusema, "Nimeona samaki nisiyemjua." Mtaalamu huhesabu miiba ya mapezi, magamba, meno na pingili za mgongo. Hupima kichwa, jicho na mkia, akalinganisha na miili iliyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Kisha huandika sifa zake na kuzichapisha, na mwili mmoja huwekwa kuwa rejea ya jina hilo daima. Anayetaka kupinga huenda kuutazama mwili huo. Siku hizi huongezwa na uchunguzi wa vinasaba. Mwanafunzi wa hadithi ataona hapa kitu anachokijua: kauli haipokewi bila ya asili yake kupatikana na kukaguliwa.

Shida ya kina cha bahari ni kwamba mashahidi ni wachache na mara nyingi hufika wakiwa wameharibika. Wako samaki wenye mwili laini ambao kule chini hushikwa na mgandamizo wa maji, na wakivutwa juu hulegea na kupoteza umbo kabisa. Aghalabu hupatikana mmoja tu, kisha hapiti mwingine kwa miaka mingi.

Silikanti ndiye mfano ulio wazi zaidi. Tarehe 22 Desemba 1938 meli ya kukokota nyavu iitwayo Nerine, ya nahodha Hendrik Goosen, ilirudi bandari ya East London, Afrika Kusini, ikiwa na samaki wa rangi ya buluu mwenye madoa meupe, urefu wake kiasi cha mita moja na nusu. Alikuwa amenaswa karibu na mlango wa mto Chalumna. Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji huo, aliona mapezi yake yameota juu ya vikono vyenye nyama. Akampeleka kwa teksi, akakosa mahali pa kumweka baridi, na formalini ilikuwa haba. Alimwandikia Profesa J.L.B. Smith barua yenye mchoro, lakini profesa alikuwa safarini na barua ilichelewa. Hata alipofika mwezi Februari 1939, matumbo yalikuwa yamekwisha kutupwa na ngozi imejazwa. Kwa mwili huo usio na ndani, Smith alimtambua kuwa ni wa ukoo uliojulikana kwa mabaki ya mawe tu, na ambao wataalamu wa miamba walidhani umetoweka kiasi cha miaka milioni 66 iliyopita. Alimwita Latimeria chalumnae, jinsi kwa jina la yule bibi, naui kwa jina la mto.

Smith alisambaza karatasi za tangazo lenye picha ya samaki huyo na zawadi ya pauni 100. Ilipita miaka kumi na minne. Desemba 1952, huko Domoni, kisiwa cha Anjouan katika Komoro, mvuvi Ahamadi Abdallah alimpata wa pili. Wakomoro hawakushangaa. Walikuwa wakimjua zamani kwa jina la gombessa, na hawakumthamini kwa chakula. Basi neno "mpya" katika elimu hii lina maana moja tu: mpya katika vitabu.

Na hapa ndipo kosa lilipoingia. Smith alimwona samaki wa Komoro hana pezi la kwanza la mgongoni wala kile kipande kidogo cha mwisho wa mkia. Kwa hayo akahukumu kwamba si naui nyingine tu bali ni jinsi nyingine, akamwita Malania anjouanae kwa heshima ya Malan, waziri mkuu wa Afrika Kusini, aliyemkopesha ndege ya jeshi kumfuata. (Samaki aliyevuliwa na Mwislamu wa Komoro akapewa jina la mtu wa siasa ya ubaguzi, na mvuvi mwenyewe hakutajwa katika jina hilo.) Walipopatikana wengine ilibainika kuwa yule alikuwa na kilema tu, pengine aliumwa na mnyama mwingine. Jina la Malania likaanguka. Mwanachuoni mkubwa alijenga hukumu juu ya shahidi mmoja aliyejeruhiwa.

Msomaji asidhani kosa hilo ni la zamani au la mtu mmoja. Katika bahari ya kina kirefu wataalamu walikuwa na koo tatu za samaki walizozitenga kwa miaka mingi. Ukoo wa kwanza ni wa samaki wenye vinywa vipana mithili ya nyangumi. Wa pili ni wa samaki wadogo wenye pua kubwa. Wa tatu ni wa visamaki wa tabaka za juu, baadhi yao wenye mkia mrefu kama utepe. Mmoja katika hao wa tatu, mwenye mwili kama wenye manyoya, aliitwa esau, jina la ndugu wa Nabii Yaaqub (A.S.), na alielezwa kwa mwili mmoja pekee. Kumbe dalili ilikuwa mbele ya macho: ukoo wa kwanza wote walikuwa majike, wa pili wote madume, wa tatu wote watoto. Mwaka 2009 ilichapishwa hoja, kwa vinasaba na kwa miili iliyoshikwa ikiwa katikati ya kugeuka, kwamba zote ni ukoo mmoja. Watoto hugeuka wakubwa kwa mabadiliko makubwa mno, hata dume hupoteza tumbo lake na kuishi kwa akiba ya ini.

Kwa upande mwingine, kufanana nako hudanganya. Mwaka 1997 silikanti alionekana sokoni Manado, Indonesia, na mwaka 1998 akapatikana mwingine. Umbo ni lile lile, rangi ni ya kahawia. Vinasaba vilionyesha umbali mkubwa, na mwaka 1999 akaitwa Latimeria menadoensis. Ama wa kwetu, wavuvi wa Tanga walianza kuwanasa kwa wingi tangu 2004. Uchunguzi uliochapishwa 2011 ulikuta kundi la Tanga limejitenga kidogo na la Komoro, lakini hawakulifanya naui mpya. Nimependa kujizuia huko.

Sasa turudi kwa kijana. Aliyosomeshwa ni kweli: kwa nasaba, kambare-mamba ndiye aliye karibu zaidi na wanyama wa nchi kavu, na silikanti humfuata, na wote wawili wako karibu nao kuliko jodari. Tena silikanti huzaa watoto hai. Lakini mafakihi hawakuuliza nasaba. Suratul Maida, aya ya 96, imehalalisha mawindo ya bahari, na katika madhehebu ya Imam Shafi kauli yenye nguvu ni kuwa kisichoishi ila baharini ni halali, kiitwe samaki au kisiitwe. Swali lina uzito kwa Mahanafi, wasiohalalisha katika viumbe vya bahari ila samaki. Kwao pia kinachozingatiwa ni jina katika lugha na ada ya watu, na hakuna mvuvi anayemwita silikanti kwa jina jingine. Majaafari hushurutisha magamba, naye anayo, tena makubwa.

Basi kwa asili yake ni halali. Lakini nyama yake ina mafuta mengi yanayoharisha, na kujidhuru kumekatazwa. Tena biashara yake ya kimataifa imezuiwa kwa mkataba, na mwaka 2009 Tanzania ilitenga hifadhi ya bahari huko Tanga kwa ajili yake. Uchunguzi wa mwaka 2021 ulikadiria kuwa hubeba mimba kiasi cha miaka mitano na huweza kukaribia umri wa miaka mia moja. Kijana aliposikia hesabu hiyo aliuliza jarife la baba yake linaweza kutegwa wapi lisimnase. Hilo nilimwambia aende akawaulize wavuvi wazee, kwani wao wanajua miamba na mapango kuliko mimi.