Je, Wajua? Mgeni Shambani kwa Warusi

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Vijijini Urusi wako wageni wanaolipa ili wapewe jembe tangu siku ya kwanza. Wanapanga chumba kwa mkulima, wanalisha farasi asubuhi na kuzoa samadi, kisha wanapanda farasi na kuzunguka misituni. Kabla hujashika hatamu, yajue haya.

Je, wajua kwamba ukimwambia farasi wa Kirusi “No!” umemwamuru aondoke? Kumsimamisha, unatetemesha midomo: “Tpru!” Aliyezoea Kiingereza ajihadhari. Akishikwa na hofu na kupiga kelele “No! No!”, atakuwa anamhimiza mnyama aongeze mbio.

Je, wajua kwamba katika troika, gari la farasi watatu wanaofungwa sambamba, farasi hao hawakimbii kwa mwendo mmoja? Wa katikati huenda mchakamchaka. Wa kushoto na wa kulia huenda shoti, shingo zimegeukia nje. Juu ya yule wa katikati kuna upinde wa mti uitwao duga, na chini yake huning’inia kengele. Mji wa Valdai, ulio kati ya Moscow na Saint Petersburg, ulijipatia sifa kwa kusubu kengele hizo.

Je, wajua kwamba farasi maarufu wa Urusi ana damu ya Uarabuni? Alexei Orlov, mmoja wa waliomweka Catherine wa Pili kwenye kiti cha enzi cha Urusi mwaka 1762, alinunua dume la Kiarabu kutoka himaya ya Waturuki kwa rubli 60,000. Alimwita Smetanka, jina linalotokana na smetana, malai chachu, kwa weupe wake. Dume huyo aliletwa kwa nchi kavu hadi Khrenovoye, mkoani Voronezh, ambako Orlov alianzisha shamba la farasi mwaka 1776. Hakumaliza hata miaka miwili pale, akafa. Aliacha watoto wachache wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na ukoo wa farasi wa Orlov ukatokana nao. Shamba hilo lingali linazalisha farasi.

Je, wajua kwamba nyumba ya kijijini nayo ina farasi wake? Mgongo wa paa kwa Kirusi huitwa konyok, yaani kifarasi. Kwenye nyumba za zamani za magogo, ncha ya gogo la juu kabisa ilichongwa kichwa cha farasi, na wengi waliamini kwamba kinailinda nyumba.

Je, wajua kwamba maziwa ya farasi yaliwahi kuwa dawa ya kuandikiwa na daktari? Katika nyika za Bashkortostan, jamhuri iliyo ndani ya Urusi, maziwa ya farasi jike huchachushwa yakawa kumis, kinywaji chenye ukali na kileo kidogo. Mwandishi Anton Chekhov, aliyekuwa daktari na mgonjwa wa kifua kikuu, alipooa mwaka 1901 alikwenda fungate kwenye kituo cha matibabu ya kumis. Aliongezeka uzito, lakini hakupona. Alifariki mwaka 1904.

Je, wajua kwamba farasi wa Yakutia, huko Siberia, hulala nje majira yote ya baridi? Kipimajoto kikishuka hadi nyuzi 60 chini ya sifuri, yeye hufukua theluji kwa kwato na kula nyasi zilizofunikwa. Kinga yake ni manyoya mazito na mafuta aliyojiwekea wakati wa kiangazi.

Je, wajua mwisho wa siku? Mgeni aliyeshinda juu ya farasi, mapaja yakimuuma, huingizwa kwenye banya, chumba cha mvuke mkali. Humo mwenyeji humlaza kwenye ubao na kumchapa mgongoni kwa fungu la matawi ya mti uitwao beryoza, yenye majani mabichi, ili damu itembee. Mchana ulimchapa farasi. Jioni ni zamu yako.