Amana ya Ruma Yawangoja Binti Zetu

Katika bonde la Lambwe, Homa Bay, imo Mbuga ya Taifa ya Ruma, makao ya mwisho ya swala korongo nchini Kenya. Wamebaki wachache mno. Ni nani atakayewachunguza kabla hawajatoweka?

Twamkumbuka Dkt. Paula Kahumbu, mzaliwa wa Nairobi. Aliwachunguza ndovu wa Shimba Hills, huku kwetu Kwale, akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Mwaka 2013 akaongoza kampeni ya kuwalinda ndovu dhidi ya majangili.

Viumbe ni amana ya Mwenyezi Mungu. Wazazi wenzetu wa Migori na Homa Bay, binti akiipenda sayansi tusimzuie, tumsomeshe. Huenda korongo wanamngojea yeye.